Wanafika Mia Moja? Waambie Wakupe Vitano

Jumapili usiku nilipokea ujumbe wa msomaji mmoja, mwalimu wa chekechea ambaye hajamaliza hata miaka miwili kazini. Aliandika kwa furaha na kwa herufi kubwa: "Mwalimu, watoto wangu WANAFIKA MIA MOJA! Wote ishirini na saba! Mkubwa wao ana miaka minne na nusu. Sasa niwapeleke mia mbili au nianze kujumlisha?"

Nilicheka kidogo. Kisha nikailaza simu kifudifudi mezani, maana ujumbe ule ningeweza kuuandika mimi mwenyewe, neno kwa neno, miaka kumi na minne iliyopita. Hata zile herufi kubwa.

Wewe unayenisoma najua unachokitaka, kwa sababu ndicho nilichokitaka. Unataka darasa ambalo mzazi akipita dirishani anasimama. Unataka mwalimu wa darasa la kwanza awapokee watoto wako mwaka ukifunguliwa na aulize, "Hawa wametoka kwa nani?" Sikulaumu. Mimi nilikipata kitu hicho kwa muda wa kama robo saa, kisha kikaniponyoka mbele ya wageni, na sijakisahau.

Niungame kwanza. Niliingia chekechea kwa kuikimbia hesabu. Shuleni nilikuwa yule mwanafunzi anayejikunja nyuma ya mwenzake mrefu kila mwalimu anapotafuta mtu wa kwenda ubaoni. Nilipoambiwa kuna nafasi ya kufundisha watoto wadogo, nikajisemea: huko ni nyimbo, rangi na udongo wa kufinyanga, hesabu yao hata mimi naiweza, moja mbili tatu, basi. Miaka miwili ya kwanza haina la kusimulia. Nilifuta makamasi, nikafunga kamba za viatu, nikajifunza kulala mapema.

Mwaka wa tatu ikanipata tamaa. Darasa la jirani lilikuwa likifika hamsini. Nikaapa langu litafika mia.

Nikatunga wimbo. Asubuhi tunaimba namba, kabla ya kutoka nje tunaimba, tukirudi tunaimba. Kila kumi tunapiga kofi, kila ishirini tunaruka. Baada ya miezi minne walikuwa wanafika mia bila kushikwa mkono, isipokuwa pale baada ya sabini na tisa, ambapo nusu ya darasa ilikuwa inapotea na kurudi sitini. Nikatia makofi mengi zaidi pale ili wasipotee. (Kumbuka mahali hapo, nitaparudia.)

Siku ya wazazi ikafika. Waliimba, nami nilisimama kando nimevaa nguo yangu nzuri kuliko zote. Walipofika mia, ukumbi mzima ulipiga makofi. Mama mmoja alikuwa anafuta machozi. Mezani nilikuwa nimeweka ndoo ya vizibo vya chupa vya rangi mbalimbali, na niseme ukweli, niliiweka kwa urembo. Mzee mmoja, babu wa mmoja wa watoto, akasogea, akachungulia ndani ya ndoo, akamwita mtoto aliyeimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Mjukuu wangu, njoo hapa. Nipe vitano."

Mtoto akachota konzi moja. Vilikuwa vinane. Niliviona kutoka nilipokuwa nimesimama, nikajua tumekwisha.

"Hivi ni vitano?"

"Ndiyo, babu."

"Hebu vihesabu nisikie."

Akavihesabu kwa sauti ileile ya wimbo. Mdomo ulikuwa unakimbia, kidole kinatembea. Kizibo kimoja kikapewa majina mawili, kingine kikarukwa, na vizibo vilipokwisha mdomo ulikuwa umeshafika kumi na moja na bado una mwendo.

"Kwa hiyo viko vingapi?"

Mtoto akamtazama kama mtu anayeulizwa jambo alilokwisha kulijibu. Akaanza upya: moja, mbili, tatu...

Mzee hakucheka. Alimpapasa kichwa, akamshukuru, akavirudisha vizibo ndooni. Halafu akamgeukia mwalimu mkuu wangu na kumwambia, bila ukali wowote, "Wimbo wameujua vizuri sana."

Basi, ni hayo tu. Lakini mpaka leo nikiyakumbuka maneno yale masikio yanapata moto. Jioni mwalimu mkuu aliniita. Nilidhani ataniuliza watoto wanajua nini hasa. Aliniambia ile ndoo isiwekwe tena mbele ya wageni. Hilo ndilo liliniuma kuliko neno la babu, na naliandika hapa makusudi, kwa kuwa naamini kuna wakuu wa shule wanaosoma ukurasa huu.

Nikaanza kusoma, mimi niliyeikimbia hesabu. Na kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba kila kosa la mtoto yule lilikuwa na mahali pake, kama maradhi yanayojulikana na daktari. Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Rochel Gelman na C. R. Gallistel, waliandika kwamba kuhesabu kumejengwa juu ya kanuni tano. Kila kitu kinapata jina moja, na jina moja linakwenda kwa kitu kimoja. Majina yanafuatana kwa mpangilio usiobadilika. Jina la mwisho kutajwa ndiyo idadi ya vyote. Unaweza kuhesabu chochote, hata makofi na hatua, hata usichokiona. Na unaweza kuanzia upande wowote, jibu likabaki lilelile.

Soma tena halafu tazama wimbo wangu. Katika kanuni tano nilikuwa nimefundisha moja: majina yanafuatana. Miezi minne kwa kanuni moja.

Ile ya tatu ndiyo iliyotuangusha. Mtoto aliyehesabu vizibo na kufika mwisho hakuona kwamba neno la mwisho limebeba furushi zima. Kwake "kumi na moja" lilikuwa jina la kile kizibo cha mwisho, kama vile ukipanga watoto mstarini na kutaja majina yao, jina la wa mwisho si jina la mstari. Ukimuuliza "viko vingapi?" anasikia "hesabu tena." Ametii swali alilolisikia. Mwanasaikolojia Karen Wynn, katika tafiti zake za mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliwachezesha watoto mchezo uleule wa babu: nipe kimoja, nipe viwili, nipe vitatu. Akaona wanapanda ngazi kwa ngazi. Kwanza mtoto anaielewa moja tu, na namba nyingine yoyote ukimwambia anachota konzi. Baadaye anaielewa mbili, kisha tatu. Halafu siku inafika anashtuka kwamba kuhesabu kwenyewe ndiko kunakotoa jibu, na kutoka hapo anaweza kukupa vitano, sita, saba. Kati ya kujua kuimba namba na kufika hapo panaweza kupita kama mwaka mzima. Mwaka! Nami nilikuwa nalalamika juu ya sabini na tisa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ndio huo wa kichwa cha habari. Waambie wakupe vitano. Mmoja mmoja, pembeni, bila wageni.

Usifikiri nilipoujua nikaufanya vizuri. Niliugeuza mtihani. Kila asubuhi nakaa na ndoo yangu, uso umekunjamana, "Nipe vitano," na daftari la alama liko magotini. Baada ya wiki mbili karibu wote walikuwa wanapatia, nikafurahi sana, mpaka nilipomtazama vizuri mvulana mmoja mjanja. Alikuwa anaweka kizibo kimoja kimoja kwenye kiganja changu huku akiniangalia machoni, haangalii vizibo kabisa. Nilipopepesa, akaacha. Nilikuwa nampa jibu kwa kope! Siku iliyofuata niliutazama ukuta, akaniwekea kumi na vinne na bado anasubiri.

Tangu hapo nikiuliza naangalia ndani ya ndoo, na nikishauliza nanyamaza. Kunyamaza huku ni kazi ngumu kuliko kufundisha. Mwalimu ana mdomo unaowasha. Mtoto akisita kidogo tunamalizia sisi, "taa...?" naye anadaka "...no!" na tunajipongeza wote wawili. Uliza, kisha nyamaza. Hesabu pumzi zako kama huna la kufanya.

Sasa nifike kwa binti wa dirishani, ambaye ndiye hasa sababu ya mimi kuandika ukurasa huu miaka yote hii.

Alikaa dirishani, haimbi. Wenzake wakifika mia yeye anatazama nje. Nilimpigia makofi masikioni, nikambadilishia kiti, nikamweka mbele, hakuimba. Mwisho wa muhula nikaandika kwenye ripoti yake maneno matatu: "Mzito wa hesabu." Niliyaandika kwa wino, kwa mwandiko wangu mzuri.

Muhula uliofuata, siku moja tulikuwa tunapaka rangi, na kundi moja halina brashi. Nikamwambia yeye, kwa kuwa alikuwa karibu na kabati, "Waletee wenzako brashi." Alisimama pale kabatini, akageuka, akalitazama lile kundi mara moja tu. Akarudi na brashi nne. Walikuwa wanne. Hakutaja namba yoyote wala hakunyoosha kidole. Nikadhani ni bahati. Nikamtuma tena kundi la pili, watoto watano. Hapo alisimama kidogo zaidi, midomo ikatikisika, akaleta tano. Kundi la tatu lilikuwa na watoto watatu, na brashi moja ilikuwa tayari iko mezani. Akaleta mbili.

Nilikaa chini. Unaelewa alichokifanya? Alitoa moja kwenye tatu bila mimi kumfundisha kutoa. Wale waimbaji wangu wa mia moja wasingeweza.

Jicho la binadamu lina kipaji cha kuona vitu vichache, vitatu au vinne hivi, na kujua idadi papo hapo pasipo kuhesabu. Ndiyo maana ukitupa dadu hukai kuhesabu nukta. Hata watoto wachanga wana mbegu ya uwezo huo. Karen Wynn huyohuyo, mwaka 1992, alieleza jinsi watoto wa miezi mitano walivyokazia macho kwa muda mrefu zaidi pale wanasesere wawili walipofichwa nyuma ya kiambaza na kiambaza kikaondolewa akabaki mmoja. Mtoto hajaja kwako mtupu. Amekuja na kitu, na kazi yetu ni kukikuta kilipo. Mimi binti wa dirishani sikumkuta. Nilimsubiri kwenye wimbo, naye alikuwa ameshapita kwa njia nyingine.

Mama yake alikuja wiki ile kumchukua. Nilitaka kumwambia. Nilimwambia habari ya brashi, akatabasamu kwa adabu, na kwenye mkoba wake nikaiona ile ripoti imekunjwa mara nne. Mwisho wa mwaka walihama. Nilikuwa na nafasi ya kuandika ripoti nyingine na kuandika kwamba nilikosea, niliandika "ameendelea vizuri." Ndivyo tunavyoandika walimu tunapoogopa. Kama una kalamu mkononi sasa hivi na ripoti mbele yako, iweke chini kwanza, kachukue ndoo.

Turudi kwenye sabini na tisa. Nilikuahidi.

Sisi wa Kiswahili tuna bahati ambayo hatuishukuru. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu: jina lenyewe linamwambia mtoto kwamba hapa pana kumi, na juu yake pana moja. Mtoto wa Kiingereza anakutana na eleven na twelve, majina yasiyofunua kitu. Mjerumani husema "moja na ishirini," kinyumenyume na yanavyoandikwa. Mfaransa akifika themanini anakuambia "ishirini mara nne," na tisini kwake ni "ishirini mara nne na kumi." Watafiti waliowalinganisha watoto wa China, ambao namba zao zinasema "kumi moja, kumi mbili," na watoto wa Marekani, waliona wanakwenda sawa hadi kumi, kisha Wamarekani wanaanza kuachwa. Lugha inabeba hesabu au inaiangusha.

Yetu inaibeba hadi kumi na tisa, halafu inaitua. Ishirini: mbili iko wapi humo ndani? Arobaini, nne iko wapi? Hamsini haifanani na tano hata kidogo. Haya ni majina tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, na mtoto inabidi ayameze mazimamazima. Afueni inakuja kwenye sitini na sabini, kwa sababu sita na saba nazo zina asili hiyohiyo, zinasikika ndani. Sasa fikiria mtoto ametoka sita-sitini, saba-sabini, ameshika kanuni, anakwenda kwa furaha, sabini na tisa... Mvulana mmoja alipofika hapo alipaza sauti: "Nanini!"

Darasa lilicheka na mimi nilicheka. Leo ningemshika mkono. Nane, nanini! Alikuwa ametumia akili pale wenzake walipotumia kumbukumbu, na lugha ndiyo iliyomsaliti. Vilevile yule binti aliyekuwa akiniambia "vizibo visita." Kwani si tunasema vizibo vitatu, vinne, vitano? Na baadaye vinane? Kwa nini sita, saba na tisa zikatae kuvaa sare? Mtoto anayesema "visita" amegundua kwamba neno la idadi linafuata kitu kinachohesabiwa, jambo ambalo wimbo wa moja-mbili-tatu hauwezi kumfundisha. Usimcheke. Mwambie tu, "Ndiyo, vizibo sita," uendelee.

Nilichokifanya kwa makumi ni hiki, na ni rahisi. Vijiti kumi kumi, tunavifunga kwa mpira. Furushi moja, kumi. Mafurushi mawili, makumi mawili, jina lake ishirini. Makumi nane, jina lake themanini. Tunasema yote mawili kila mara. Na bado, kabla ya mafurushi, waambie wakupe vitano.

Nisijisifu sana, maana kuna mahali nilikwama hata baada ya kusoma. Nilipanga vizibo sita kwa mstari, na chini yake vingine sita, vimetazamana kimoja kwa kimoja. "Sawasawa?" Sawasawa. Nikauvuta mstari wa chini ukawa mrefu. "Na sasa?" Wa chini una vingi, wakasema wote kwa sauti moja, mbele ya macho yao, hakuna kizibo kilichoongezwa! Nikabishana nao. Ndiyo, mtu mzima nikabishana na watoto wa miaka minne, nikavirudisha, nikavivuta, nikavirudisha, nikapandisha sauti. Mwishowe mmoja akasema "sawasawa" huku macho yake yanasema vingine. Jean Piaget, Mswisi aliyeufanya mchezo huu ujulikane duniani, alionyesha kwamba watoto wengi wa umri ule wanajibu hivyo, na kwamba uhakika wa kusema idadi haijabadilika huja baadaye, kwenye miaka sita au saba hivi. Baada yake wengine wamemkosoa, wakaonyesha kwamba ukiuliza kwa njia nyingine au ukitumia vitu vichache watoto wanajua zaidi ya alivyodhani. Vyovyote iwavyo, kumpigia mtoto kelele hakuongezi hata siku moja kwenye umri wake. Niliacha. Nilimwambia avipange mwenyewe, avivute mwenyewe, avirudishe mwenyewe. Wengine walicheza hivyo wiki nzima.

Kuhusu vifaa, wengi mnaniandikia kuniuliza ninunue nini. Mimi pia niliwahi kukesha nikitazama picha za shanga za dhahabu za Montessori na vijiti vya rangi vya Georges Cuisenaire, yule mwalimu wa Ubelgiji. Ni vitu vizuri, na vimefikiriwa. Friedrich Fröbel, aliyeanzisha chekechea ya kwanza huko Ujerumani mwaka 1837, aliwapa watoto mchemraba wa mbao unaogawanyika vipande vinane, ili waone kizima na sehemu zake kwa mikono yao wenyewe. Maria Montessori alipofungua nyumba yake ya watoto kule Roma mwaka 1907 alikuwa na wazo hilohilo la mkono kutangulia mdomo. Lakini kinachofundisha ni mkono kusogeza kitu kimoja kwa neno moja, na kizibo kinasogea kama shanga ya dhahabu. Nilitumia ndoo yangu ileile. Ilikuwa imefichwa stoo, niliitoa.

Montessori ana kimoja nilichomwibia kabisa: sifuri. Alikuwa anawaambia watoto, "Njooni kwangu mara sifuri." Wanakuja mbio. Anawauliza, mbona mmekuja, huko si kuja mara moja? Mpaka mtoto anajifunza kutulia kitini na kucheka, kwa sababu kutokwenda ndilo jibu. Mimi nilisema, "Nipe sifuri." Wa kwanza akaleta kizibo kimoja, wa pili kidogo sana kuliko vyote, alichokitafuta hadi chini ya ndoo. Wa tatu akafungua viganja viwili vitupu, akavipuliza vumbi, akanikabidhi hewa. Neno lenyewe sifuri, ukilifuata hadi kwenye Kiarabu, linatoka kwenye utupu. Mtoto yule alikuwa amefika kwenye mzizi.

Na kama una chaki una kila kitu. Mwaka 2008 watafiti Geetha Ramani na Robert Siegler waliwachezesha watoto wa shule ya awali kwenye ubao wa mchezo wenye visanduku kumi vilivyopangwa mstari mmoja, 1 hadi 10, vikao vinne vifupi ndani ya wiki mbili. Walipiga hatua katika kujua namba na ukubwa wake. Wenzao waliocheza ubao kama huo wenye rangi badala ya namba hawakupata faida hiyo. Siri ndogo iko hapa: mtoto akiwa kwenye nne na akapata mbili, haruhusiwi kusema "moja, mbili." Anasema "tano, sita" huku anasogea. Nilichora visanduku hivyo sakafuni kwa chaki, watoto wenyewe wakawa kete. Mwanzoni walisema "moja, mbili" kila mara. Niliuliza, nikanyamaza. "Uko wapi sasa?" Anatazama chini ya miguu yake. "Nne." Nyamaza tena. "Taa...no?" Ndiyo. Ameanza kujumlisha, na mimi sijaandika alama ya kujumlisha popote.

Hapa niseme na walimu wenzangu, hasa wanawake, na mnisamehe nikipanda mimbari. Mwaka 2010 Sian Beilock na wenzake walitoa utafiti kuhusu walimu wa kike wa madarasa ya kwanza na ya pili huko Marekani. Pale mwalimu alipokuwa na hofu ya hesabu, kufikia mwisho wa mwaka wasichana wake wengi zaidi waliamini kwamba hesabu ni ya wavulana, na waliokuwa na imani hiyo walifanya vibaya zaidi. Mwanzo wa mwaka tofauti hiyo haikuwepo. Niliposoma hayo nilikumbuka nilivyokuwa nikisema darasani, kwa mzaha, "Mwalimu wenu mwenyewe hesabu ilimshinda!" Wanacheka, nami nacheka. Na pale dirishani pamekaa binti anayejua kutoa moja kwenye tatu, ananisikiliza.

Achana na mzaha huo. Ukikosea ubaoni sema "ngoja nihesabu tena," uhesabu kwa kidole mbele yao, polepole. Wakuone hujaona haya. Mzazi akija kulalamika kwamba wanacheza tu na vizibo, mwite ndani, mkalishe kwenye kile kiti kidogo magoti yamfike kidevuni, mwambie amwombe mwanawe vitano. Mimi nimeshawakalisha wengi. Mmoja tu ndiye aliyeondoka bado amekasirika, na huyo alikuwa amekasirika tangu getini.

Nilimjibu yule mwalimu wa Jumapili kwa mstari mmoja. Sikumwambia habari ya babu wala ya binti. Niliandika: "Hongera. Kesho waambie wakupe vizibo vitano, mmoja mmoja, na wewe uangalie pembeni."

Jumatatu kimya. Jumanne kimya. Nikadhani nimemuudhi, na ningemwelewa. Mimi babu yule nilimkasirikia mwaka mzima. Jumatano usiku simu ikalia. Safari hii hakuna herufi kubwa.

"Kumi na mmoja. Kati ya ishirini na saba."

Nikamuuliza, "Na wale kumi na sita walikupa vingapi kila mmoja?"

Alikaa muda. Kisha akaandika, "Sikuandika. Kesho nawauliza tena."